Dell P2214H kwa PS4: kioo kizuri, ila jipange kwa waya na sauti

Monita hii ya ofisi ya inchi 21.5 hupatikana kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, na kwa anayecheza PS4 mezani au chumbani ni kioo cha kununua. Paneli yake ni IPS (aina inayotunza rangi hata ukiangalia pembeni), pikseli 1920 kwa 1080, hivyo picha ya 1080p inaenea kioo kizima bila kuvutwa wala kukatwa. Rangi hazigeuki ukiangalia kutoka pembeni, na faida hiyo inaonekana mara moja watu wawili wanapokaa kucheza mpira pamoja. Mwitikio wake ni milisekunde 8, kwa hiyo kwenye gemu za kasi utaona kivuli kidogo nyuma ya vitu vinavyokimbia. Kwa bei ya mtumba, hilo linavumilika.

Shida iko nyuma ya kioo. Kuna matundu ya picha ya VGA, DVI na DisplayPort, lakini la HDMI hakuna, na PS4 haitoi picha kwa njia nyingine yoyote. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa.

Nunua waya wa HDMI kwenda DVI. Picha ya HDMI na ya DVI husafiri kwa mawimbi yaleyale ya kidijitali, kwa hiyo waya huo hauhitaji chipu wala umeme, na haucheleweshi picha. Kabla ya kulipa, kagua kichwa cha DVI: kinachotakiwa ni DVI-D, yaani safu tatu za pini na ulimi bapa pembeni. Ukiona pini nne zaidi zimeuzunguka ule ulimi, hiyo ni DVI-I na haiingii. Usiilazimishe, pini zitapinda.

Adapta ndogo za DisplayPort ziache. Nyingi zimetengenezwa kutoa picha kwenye kompyuta kwenda TV ya HDMI. Ukizigeuza hazifanyi kazi hata kama vichwa vinaingia vizuri. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kinafanya kazi, ila maandishi madogo yanapoteza ukali, na vile vinavyotegemea umeme wa tundu la HDMI peke yake vinaweza kukatakata picha. Ukilazimika, chukua chenye tundu la USB la kuongezea umeme.

Kuunganisha ni rahisi: zima vyote, chomeka, kaza skrubu mbili za DVI kwa vidole, washa, kisha chagua DVI kwenye menyu ya monita. Kioo kikibaki cheusi, zima PS4 kabisa, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama saba mpaka mlio wa pili. Chomeka pedi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, kisha chagua Change Resolution. Weusi ukionekana kijivu na picha imepauka, nenda Settings, Sound and Screen, Video Output Settings, uweke RGB Range kwenye Full. Badiliko hilo moja linafanya picha za usiku zionekane inavyotakiwa.

Sauti ndiyo gharama iliyojificha. P2214H haina spika, na DVI yake haitakupa sauti. Njia ya bure ni hedifoni kwenye tundu la milimita 3.5 la pedi: ingia Settings, Devices, Audio Devices, weka Output to Headphones kuwa All Audio. Waya wa spika nao unaweza kuchomekwa hapohapo, ingawa chaji ya pedi itaisha mapema. PS4 ya kwanza na Pro zina tundu la sauti ya optiki. Slim haina, hivyo mwenye Slim anayetaka spika za kudumu anunue kisanduku cha kutoa sauti kwenye HDMI, akiweke kati ya PS4 na ule waya wa DVI.

Kwa PS5 siipendekezi. Itaonyesha 1080p kwa hetzi 60 (picha 60 kwa sekunde) na kuishia hapo. Ni afadhali kuongeza pesa upate monita yenye HDMI na hetzi 120.