Gati Langu la Mtwapa na Vumbi Lililobaki Tunduni

Siku mafundi walipokabidhi gati langu dogo, lililo kando ya mkono wa bahari wa Mtwapa, niliwasifu mbele ya watu, kwa kuwa boriti za mvule zilikaa sawasawa kwenye nguzo za zege na kila nati ilikuwa imekazwa. Sifa zile nimezifuta, na kilichonifanya nizifute ni vumbi.

Boriti zilishikwa kwa vyuma vya pembe, navyo vikafungwa kwenye zege kwa bolti zilizopandwa kwa gundi ya epoksi. Njia yenyewe sina ugomvi nayo. Hata mimi sikutaka nguzo zitobolewe kutoka upande hadi upande, maana drili ikikata nondo na maji ya chumvi yakapata pa kuingilia, nondo huliwa na kutu ndani kwa ndani mpaka zege lipasuke. Lakini gundi hiyo haipatani na vumbi. Tundu likishatobolewa hupulizwa, husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hupulizwa tena mpaka unga wote utoke.

Nilikuwa nimesimama palepale. Niliona unga wa kijivu umebaki mdomoni mwa tundu, nikauliza kwa adabu kama hawatalisafisha. Msimamizi wao, mtu wa umri wa mwanangu wa mwisho, hata hakunitazama. Alisema, “Mzee, wewe shughulika na mashua zako, zege tuachie sisi.” Akakamua gundi tunduni, akapachika bolti, akaenda zake kwenye tundu lililofuata kwa sababu maji yalikuwa yanajaa. Neno lile lingali linaniuma kuliko fedha nilizolipa.

Likaja bamvua wakati wa kusi, maji ambayo huku kwetu hupanda zaidi ya mita 3, na mashua mbili zilizofungwa pale zikaivuta boriti ya mwisho usiku kucha. Asubuhi nilikuta chuma cha pembe kinaning'inia. Bolti niliishika kwa vidole viwili ikatoka yote, gundi yake ikiwa nzima na imeganda vizuri, lakini imevikwa unga wa zege pande zote kama samaki aliyegaragazwa kwenye unga kabla ya kutiwa mafutani. Gundi ilikuwa imeshika vumbi, na vumbi halikushika kitu.

Nitakuwa mwongo nisipoeleza lililofuata. Fundi mdogo kuliko wote katika kundi lile alirudi peke yake, bila kutumwa, akaniamkia, akatoboa matundu mapya mbali na yale ya zamani, akayasafisha mbele yangu huku akihesabu kila mpulizo, kisha akaniomba nisifunge mashua mpaka gundi ikauke kabisa. Bolti alizopanda yeye hazijatikisika, na kwa ajili yake nilikaribia kuandika kwamba kazi yao ni nzuri.

Siandiki hivyo. Zimebaki nguzo nyingi zenye bolti za msimamizi yule, kwa macho hazitofautiani na za fundi mdogo, na watoto wa majirani waliozoea kuruka majini kutoka pale kila jioni nimelazimika kuwakataza. Nilimpigia msimamizi simu nikitaka zote zijaribiwe kwa kuvutwa, akanijibu kwamba kazi nimeshakabidhiwa. Bolti iliyong'oka ninayo, nimeifunga kwa kitambaa ili unga wake usipukutike, na nitampelekea aishike kwa mkono wake.