Kozi ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza China: tathmini ya mwalimu wa Tabora

Nimemaliza kozi ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, ile inayotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya walimu kwa picha ya Ukuta Mkuu wa China na ahadi ya mshahara wa yuan. Naitathmini nikiwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Tabora mjini, mtu wa chaki kwa miaka mingi, na kila mwaka napokea wanachuo wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Sehemu yake ya maandalizi ya somo ni nzuri kiasi kwamba natamani kila mwalimu wa lugha aipitie. Sehemu ya kazi ya China ina mapengo yanayoweza kumponza kijana. Jina la kampuni siliweki. Kozi za aina hii ni nyingi na zinafanana, na haya nitakayoyasema yatakusaidia kupima yoyote utakayoletewa.

Aliyenifanya niingize mkono mfukoni ni mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu wa Kiloleni. Ana shahada ya uhasibu, ajira hana, na wakala mmoja alishamwambia kwamba akiwa na cheti hiki kazi ya ualimu China iko mezani. Alikuja nyumbani Cheyo na simu mkononi. "Shangazi, wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza wa ukoo. Iangalie hii kabla baba hajauza ng'ombe." Kuangalia tangazo tu kusingetosha. Nililipa shilingi 195,000 kwa simu, nikaifanya kozi yote pamoja na mtihani wake.

Masomo yanakuja kwa sura: maandishi, video fupi, maswali, kisha kazi ya kuandika ambayo inatumwa kwa msahihishaji. Maandishi ni mepesi, unayapakua mara moja na kuyasoma hata umeme ukikatika. Video zinakula bando sana. Lugha iliyotumika haina makuu, aliyemaliza kidato cha sita ataelewa.

Sasa nije kwenye maandalizi, maana hapo ndipo pesa yangu ilipozaa.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu andalio la somo tunalijua. Juu unaandika wavulana na wasichana walioandikishwa na waliohudhuria, katikati jedwali la muda, kazi za mwalimu, kazi za mwanafunzi na upimaji, chini tathmini na maoni. Tunajua pia linavyoandikwa katika shule nyingi. Ikisikika kwamba wathibiti ubora wako njiani, maandalio ya wiki nzima yanaandikwa kwa asubuhi moja. Andalio limekuwa karatasi ya mkaguzi, na jambo hili limeniuma kwa muda mrefu, kwa sababu anayelipia ni mtoto aliyekaa kwenye dawati. Kozi hii inamrudishia mwalimu andalio lake.

Inaanza na lengo. Kwenye madaftari ya wanachuo nakutana kila msimu na sentensi ya aina hii: mwanafunzi aweze kuelewa namna ya kuelekeza njia. Mtu anayeelewa utamwonaje? Kozi inakutaka uandike kitu utakachokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio: mwishoni mwa kipindi, wanafunzi wawili wawili waweze kuulizana na kujibizana njia ya kutoka stesheni hadi soko kuu, wakitumia semi tatu walizofundishwa. Lengo likishaandikwa hivyo, kila unachotaka kukiingiza kwenye kipindi unakihoji: kitawafikisha sokoni au la? Kisichowafikisha kinatoka, hata kama ni mchezo unaoupenda.

Kisha zinakuja dakika. Hatua zao ni tatu: mwalimu anawasilisha lugha mpya, wanafunzi wanaifanyia mazoezi yenye mipaka, halafu wanaitumia wenyewe kwa uhuru. Aliyesoma mbinu za kufundishia lugha hili si geni kwake. Kilichonivutia ni ukali wa hesabu. Kwa kipindi cha dakika 40, tano ni za kuamsha darasa, kumi za kuwasilisha, kumi za mazoezi, kumi na tano ni zao. Katika kila hatua unaandika nani anaongea na nani. Pembeni mwa andalio langu la kuelekeza njia msahihishaji aliandika: wanafunzi 80 wakiongea wawili wawili, wa nyuma utawasikiaje? Hilo ni swali la mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Nikajibu kwa kuweka viongozi wa safu wenye orodha ya semi tatu, kila mmoja anaweka tiki akizisikia, na mimi naanza mzunguko wangu nyuma badala ya mbele.

Safu iliyonikamata zaidi ni ile ya matatizo yanayotarajiwa na utakavyoyatatua. Kwenye andalio letu haipo. Mfano wao ni wa mtoto wa Kichina anayechanganya "he" na "she", kwa kuwa katika Kichina cha kuzungumza yote mawili hutamkwa sawa. Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Watoto wetu kosa hilo wanalo, na chanzo ni kile kile, kwa sababu kwa Kiswahili "yeye" haibagui mama na baba. Mara ngapi tumesahihisha "my mother he is sick" kwa wino mwekundu na kuendelea, bila kukaa jioni moja kabla ya kipindi na kuandika kwamba kosa hili litakuja, na likija nitafanya hivi?

Nimelijaribu darasani, kidato cha kwanza, somo la kuelekeza njia. Kwenye safu ya matatizo niliandika kwamba watoto wanaotoka nyumba za Kinyamwezi na Kisukuma wengi hubadilishana r na l, kwa hiyo "turn right" itatoka "turn light". Nikapanga kutumia mwitikio wa mwili mzima, mbinu ya James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani: mwalimu anaamuru, darasa linatenda, bila kulazimishwa kuongea mapema. Wote wakasimama palepale kwenye madawati. Kulia, kushoto, mbele, mikono inaonyesha. Mbinu hii haihitaji projekta wala nafasi ya kutembea, na sisi wenye madarasa yaliyojaa tunahitaji vitu vya namna hiyo. Walipofika hatua yao ya dakika kumi na tano walikuwa wanasikia tofauti ya sauti kabla hawajaitamka. Binti mmoja anayekaa pembeni kabisa, ambaye sauti yake nilikuwa naisikia wakati wa kuita majina tu, alimwelekeza mwenzake kutoka stesheni hadi sokoni bila kukwama.

Kwa sehemu hii peke yake natoa alama zote.

Mazingira ya shule za China yameelezwa vizuri pia. Kiingereza huko kimeingizwa rasmi kuanzia darasa la tatu tangu 2001, na kwenye mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu kina alama 150, sawa na Kichina na hisabati. Darasa la watoto 40 hadi 50 ni la kawaida. Mwalimu Mchina anabeba sarufi na mtihani. Mgeni anapewa mazungumzo. Mara nyingi mgeni huyo anapita madarasa mengi, kila darasa akiliona mara moja kwa wiki.

Walimu wa Kichina wana utaratibu ambao ningefurahi kuuona Tabora. Wa somo moja hukaa pamoja na kuandaa vipindi kwa kikundi, na kuna vipindi vya wazi ambapo wenzako wanakaa nyuma ya darasa, wanakuangalia, kisha wanakwambia ulipoteleza. Mgeni mara nyingi anaachwa nje ya vikao hivyo. Anaambiwa wachangamshe watoto, wachezeshe, waongee. Andalio haombwi. Kwenye vituo vya masomo ya ziada hali iligeuka upande wa pili: kampuni humpa slaidi zilizokwisha kutengenezwa, naye anazipitia dakika chache kabla ya kengele. Njia zote mbili zinamzoesha mtu kuingia darasani mikono mitupu, na sifa ya walimu wageni imechafuka hapo, wakiwemo wale wanaojituma.

Hapa ndipo kozi inaponiangusha. Baada ya kunifundisha andalio kwa umakini wote ule, sura ya maadili ya kazi ina kurasa chache za tabasamu, nguo safi na kuwahi. Kuwahi ni muhimu, ndiyo. Mwalimu anayetoroka katikati ya mkataba anaacha watoto bila somo, na hilo limetajwa kwa mstari mmoja. Lakini swali kubwa halijaguswa: ufanye nini mahali ambapo hakuna anayekuuliza andalio? Mimi ningemwambia kijana aliandike hata kama mwalimu mkuu hajui neno hilo. Aombe kitabu cha mwalimu Mchina ajue wiki hii watoto wamefika wapi. Na kama kipindi kile kile atakifundisha madarasa mengi wiki hiyo, hiyo ni bahati ambayo sisi huku hatuna: darasa la kwanza likitoka aandike maoni, abadilishe, ajaribu tena la pili. Mwisho wa wiki atakuwa na kipindi kilichopikwa kikaiva. Kumwambia mgeni atabasamu tu ni kumdharau yeye na watoto pia.

Kuna sura nzima ya kufundisha watoto wa China kwa mtandao ukiwa nyumbani kwako, jioni na mwisho wa wiki. Sura hiyo ingefutwa zamani. Julai 2021 serikali ya China ilitoa agizo la kupunguza mzigo wa wanafunzi: masomo ya ziada ya kibiashara kwa masomo ya shule yakapigwa marufuku mwisho wa wiki na siku za likizo, na ikakatazwa kuajiri walimu walio nje ya nchi kuwafundisha watoto hao. VIPKid, kampuni iliyokuwa kubwa katika kazi hiyo, ikatangaza Agosti mwaka ule ule kuacha kuuza vipindi vya walimu walio ng'ambo. Kuendelea kumuuzia kijana wa Tabora ndoto hiyo ni kosa, na nimesema hivyo kwenye fomu yao ya maoni.

Kibaya zaidi ni ukimya kuhusu viza. Kwa kanuni za China, mwalimu wa lugha ya kigeni anatakiwa kufundisha lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili ya kufundisha lugha. Mwenye shahada ya ualimu au lugha, au cheti cha kufundishia, anaweza kusamehewa huo uzoefu. Kwa Kiingereza, nchi zinazotajwa kwa kawaida ni Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Cheti cha saa 120 kinaweza kufidia uzoefu, uraia hakiufidii. Anayeajiriwa kihalali anaingia kwa viza ya Z, yaani viza ya kazi, kisha anapata kibali cha kazi na cha ukaaji.

Mpwa wangu alikuwa ameambiwa hivi: "Utaingia kwa viza ya biashara, kazi utaikuta hukohuko." Nikamwonyesha sheria ya kuingia na kutoka nchini China iliyoanza kutumika Julai 1, 2013. Mgeni anayefanya kazi bila kibali anatozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Alisoma kimya, kisha akampigia baba yake. Ng'ombe wako zizini.

Kwa kijana anayeipenda kazi hii, mlango mwingine upo kwenye kanuni hizo hizo, na kozi haiutaji: lugha yetu ya kuzaliwa ni Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing ni kati ya vyuo vya China vinavyokifundisha. Nafasi ni chache na wanataka wasomi wa lugha hasa, lakini ni mlango halali.

Cheti chenyewe kinakuja kwa barua pepe, kizuri cha kuangalia. Jueni tu kwamba hakuna aliyeniona nikifundisha. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza ambacho bei yake iko mbali, kinadai saa sita za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi anakuangalia. Mwanachuo wetu anayepelekwa shuleni kwa mazoezi anaangaliwa pia. Mtu asiyewahi kusimama darasani akinunua kozi hii atapata maarifa ya mezani, basi.

Alama zangu ni nyota tatu kati ya tano. Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi au sekondari, mwenye darasa lake la kufanyia majaribio, anunue. Akipata mwenzake wa kugawana bei na kukaa nyuma ya darasa lake, bora zaidi. Anayeitaka kwa ajili ya China tu, aanze na pasipoti yake na kanuni za viza kabla ya kulipa chochote. Kampuni nimeiomba iondoe sura ya kufundisha kwa mtandao na kuweka ukurasa wa viza mwanzoni kabisa, kabla ya kitufe cha malipo. Wamejibu kwamba wanapitia. Wakibadilisha nitarudi kuhariri tathmini hii. Walimu wenzangu wa hapa mjini mnaotaka fomu ya andalio niliyoiongezea safu ya matatizo yanayotarajiwa, niambieni, nitawatumia bure. Inachapika kwenye karatasi moja ya A4.