Mshipi wa kangaruu wa mapacha: ununue au ubaki na khanga?

Mshipi huu ni kitambaa kipana cha pamba kinachovutika, kimeshonwa mduara. Mama anauvaa kifuani, mapacha njiti wanaingia ndani ngozi kwa ngozi, hakuna fundo la kufunga. Kukaa hivi kifuani ngozi kwa ngozi ndiko kunaitwa huduma ya kangaruu, na kwa watoto wenye uzito usiofika kilo 2 ni sehemu muhimu ya matibabu. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi 5 Tanzania ikiwemo, uliwachukua watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itengemae, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza saa 8 hadi 24 kila siku. Saa hizo zote zinategemea kitambaa kisicholegea.

Upana wake tunausifu bila kusita. Ukingo wa juu unafika chini kidogo ya masikio, wa chini unapita chini ya makalio, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura. Sehemu inayobana ikae kwenye vifua vya watoto, matumbo yabaki huru wapate kupumua. Khanga nayo inaweza, ila fundo lake hulegea mama anapoinuka na lazima likaguliwe kila mara.

Kasoro ipo kwenye kuwabeba wote wawili humo kwa muda mrefu. Chukua Kulwa wa kilo 1.8 na Doto wa 1.4: mzigo ni kilo 3.2, na kitambaa huvutika zaidi upande wa mzito. Doto anateleza, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inaziba. Njiti wa chini ya wiki 34 hata bila hilo husahau kupumua. Pua zote mbili zionekane muda wote.

Halafu mapacha hawakui sawa. Lengo ni kuongezeka gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, yaani takriban 27 kwa Kulwa na 21 kwa Doto. (Mizani ya kuning'inia inayosoma kwa gramu 100 haiwezi kuona tofauti hiyo, omba ya kidijitali.) Kulwa akifika kilo 2.5 anaanza kuukataa mshipi mwenyewe, na Doto anabaki akielea kwenye kitambaa cha wawili.

Kwa hiyo tunashauri mishipi 2 ya mtoto mmoja mmoja. Mama abebe mmoja, bibi au baba abebe mwingine, wabadilishane baada ya kunyonyesha. Doto akiwa kwenye mililita 160 za maziwa kwa kilo kwa siku, anahitaji mililita 28 kila baada ya saa 3, na anaweza kunyweshwa kwa kikombe bila kutolewa kifuani.

Joto la kwapani liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Mtwara mjini mwezi Januari, punguza blanketi na usimtoe mtoto. Newala usiku wa Julai, kofia na soksi ni lazima. Kataa mshipi wenye nailoni, unashika jasho. Kabla ya kulipa, uvute kwa nguvu kisha uachie: usiporudi haraka, uache dukani. Ufue kwa maji ya kawaida, uanike kivulini, maana maji ya moto huua lastiki.