Dada wa kazi au kituo cha kulelea watoto?

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, ukijifungua pacha 100. Zikiisha, ofisi inakungoja na mtoto hata kukaa bado. Unamwachia nani?

Kwa gharama, usiangalie mshahara wa dada peke yake. Weka chakula, sabuni, vocha, nauli ya kwenda kwao Krismasi. Kituoni unalipa ada, na kila asubuhi unabeba pampasi na chupa zako. Kwa mtoto mmoja, kituo kinaweza kuwa nafuu. Wakifika wawili dada anashinda, maana hatozi kwa kichwa.

Uhakika ndio penye kesi. Dada wangu wa pili aliomba ruhusa Ijumaa aende msibani. Jumatatu simu haipatikani, nami nimesimama mlangoni, mtoto mgongoni, mkoba wa kazini mkononi. Kituo hakiendi msibani. Ila kinafunga sikukuu, na foleni ya magari ya Mwenge, Dar, haijui kuwa mwisho wa kuchukua mtoto ni saa kumi na mbili.

Mafua je? Mmoja akikohoa kituoni, wiki hiyohiyo ni wote. Nyumbani anaugua mara chache, lakini mchana humwoni anavyotendewa. Kituoni macho ni mengi. Hata hivyo ulizia usajili wake ustawi wa jamii, na siku moja zuka saa nne bila taarifa, uchungulie jikoni.

Mwenye zamu za usiku, kama wauguzi, atafute dada, tena mtu mzima, si binti wa miaka kumi na tatu. Mwenye saa za ofisi na kituo jirani aanze na kituo. Mwenye bibi mtaa wa pili, mbona unasoma haya?