Begi la mgongoni la mtumba, nimeenda nalo Kigoma na nimerudi nalo Urambo

Jamani nimekuja kutoa mrejesho wa begi la mgongoni nililonunua mnadani kwa elfu 45, ni mtumba, lita 50 hivi, yale ya wapanda milima yenye mkanda wa kiunoni. Nililichukua baada ya kuuza tumbaku, maana tangu tulipomwaga mbegu kitaluni mwezi wa tisa sikupumzika, ukimaliza kupandikiza unapalilia, ukimaliza unachuma, usiku unaamka kuchochea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mpaka unafunga marobota mgongo umekwisha kabisa. Mke wangu ndo akasema baba watoto nenda katembee wiki moja, shamba halihami.

Kilichonikosha ni huo mkanda. Ukiukaza juu ya mifupa ya nyonga mzigo unatoka mabegani unahamia kiunoni, na mimi ambae nimezoea kubeba kila kitu begani siku ya kwanza niliona linanibana tu, kumbe inabidi ulegeze kidogo mikanda ya juu. Nilikuwa na kilo kama 12, nikashuka treni Kigoma nikatembea kwa mguu mpaka Ujiji, kilomita zinakaribia 10, mgongo haukuniuma. Ila mgongoni halipitishi hewa, nimefika pale kwenye kumbukumbu ya Stanley na Livingstone walipokutana 1871, navua begi chini ya mwembe shati limelowa tepetepe.

Maji pia linaingiza. Hifadhi ya Gombe, kule kwa sokwe, huwezi kufika kwa gari, ni boti tu, nilipandia Kibirizi pale Kigoma na siku hiyo Ziwa Tanganyika lilikuwa na mawimbi, tumelowa wote. Nguo zangu zilipona kwa sababu nilizitia kwenye ile nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, nimeifua vizuri nikaifunga mdomo kwa kamba, hakuna hata tone lililoingia. Fanyeni hivo, ni bure.

Gombe milima imesimama kweli, unapanda umeshika mizizi, na begi halikuyumba. Sokwe wa pale wanafuatiliwa tangu 1960 alipokuja Jane Goodall, ndo maana watu hawawashtui sana. Akapita sokwe mama mmoja na mtoto kamng'ang'ania mgongoni, muongozaji akatuambia tusimame turudi nyuma tuwape nafasi, nikasimama kimya na begi langu, moyo ulitulia mno, sijui niseme nini.

Kilichoniudhi ni zipu ya mfuko wa juu. Aliyeniuzia aliapa kila kitu kizima, imekufa siku ya tatu, fundi viatu pale Mwanga, Kigoma mjini, akanibadilishia kichwa cha zipu kwa 2,000. Kwa hiyo ukienda kununua fungua funga zipu zote, omba hata kitu kizito utie ndani ulivae utembee nalo palepale, mikanda ikiteleza liache.

Kurudi nilitia dagaa kilo 3 ndani, dumu la mawese nikalifunga kwa nje, limebeba bila shida, ila limeshika harufu, nimelifua mara mbili kwa sabuni ya mche bado linanukia ziwa. Kwa bei ile nimeridhika. Sasahivi naandaa kitalu, begi nimelitundika ukutani, mwakani Mungu akijalia tunaenda wawili, mke wangu nae hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika.