Wiki nane za maindfulnesi kwa sisi wa kifafa, maoni yangu

Maindfulnesi ni ile mazoezi ya kutulia na kuangalia tu pumzi na mwili wako vile viko sasa hivi. Nianze na kile kila mtu ataniuliza: hapana, haimalizi kifafa. Mwezi kabla nianze nilianguka mara moja, mwezi uliopita nimeanguka mara moja, kwa hivyo kama unaenda ndo utupe vidonge wacha pesa yako ikae tu. Mimi carbamazepine yangu nameza asubuhi na jioni vile vile, na mwalimu mwenyewe siku ya kwanza alisema atakayeacha dawa juu ya klasi yake asirudi. Hapo ndo nilimwamini.

Ni Kilimani, Nairobi, chumba kiko juu ya gym, vyuma vinaanguka huko chini na wewe umefunga macho unatafuta utulivu. Alhamisi saa kumi na moja unusu. Aliyepanga hiyo saa hajawahi kukaa kwa matatu Ngong Road jioni. Mwalimu alituambia Marekani kuna programu kama hii inaitwa UPLIFT inafanywa kwa simu ama intaneti, masomo nane, sasa nikajiuliza, kama mnajua hivo mbona mnatutoa Rongai?

Wiki ya pili tukapewa njugu. Moja kila mtu. Nimelipa 1,500 nikule njugu moja! Uishike, uigeuze, uinuse, uskie lile ganda jekundu likichubuka kwa vidole, usitafune mpaka uambiwe. Mama mmoja wa Kawangware tuliyekaa naye akaninong'onezea, "kijana wangu, tumekuja kufunzwa kula?" na tukacheka mpaka tukaangaliwa vibaya.

Lakini skiza. Mimi kabla nianguke huskia harufu ya mpira unaungua. Jumatatu iliyofuata niko stage Railways, harufu ikaja. Zamani hapo ningekimbia nyumbani na kazini nisiende, siku mbili hivi. Safari hii nikakaa chini kando ya ukuta, nikafanya kama ile njugu: miguu iko wapi, simiti ni baridi, pumzi inaingia, inatoka, haina haraka. Dakika moja, mbili, sijaanguka. Kugeuka, kuna jamaa nyuma ya kibanda anachoma tairi kuukuu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ni siku ngapi nimekosa kazi juu ya moshi wa watu?

Kitu kingine wako sawa nacho ni kupumua. Hapa hakuna kupumua mbio mbio. Kama umeshafanyiwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, unakumbuka vile wanakwambia upumue kwa nguvu dakika kadhaa, ni kwa sababu hiyo inaweza kuchokoza kifafa kwa baadhi yetu, na kuna klasi ya yoga nilienda mwaka jana walitupumuisha kama mbwa amekimbizwa na hakuna aliyeuliza nani mgonjwa. Hapa wiki ya tano mwenzetu alianguka, mwalimu akasongesha viti, akamweka kofia chini ya kichwa, akaangalia saa, akamlaza kwa ubavu alipotulia. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kelele. Alipoamka tukaendelea.

Zile rekodi za kuskiza nyumbani ndo sijapenda. Ni sauti ya mzungu anatuambia tuwaze theluji ikishuka ziwani. Theluji gani jamani, si hata mngetupea mvua ya Ngong.

Ati kuna utafiti wa Hong Kong wa 2015, watu 60 ambao dawa hazikuwa zinawatosha, na waliofanya maindfulnesi wasiwasi na huzuni zilipungua kushinda wale wa kikundi cha kusaidiana tu. Mimi kwangu wasiwasi ndo umeshuka, hilo nakubali.

Nawapea nyota 4. Nilitaka kumlipia dada yangu kundi lijalo, yeye hana kifafa lakini ndo halali usiku akiskiza kama napumua. Wakasema ni ya wagonjwa peke yake. Nyota ya 5 imebaki hapo.