Kuchagua Televisheni Yenye Mwanga Sawa Kioo Kizima: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Mwanza

Kasoro ya mwanga usio sawa hujionyesha zaidi wakati wa mpira. Kamera inapoufuata mpira na kijani cha uwanja kikajaza kioo, madoa na mistari myeusi ambayo haikuonekana wakati wa taarifa ya habari hujitokeza waziwazi, na mtazamaji wa kibanda umiza aliyelipa kiingilio chake huiona kabla ya mwenye kibanda. Hata hivyo, wengi wetu tunaoingia madukani Makoroboi au Barabara ya Nyerere huulizia inchi na 4K tu, wala hatuulizi umeme unafikaje kwenye taa za ndani, ilhali chanzo kikubwa cha usawa wa mwanga kiko hapo.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Huangazwa na taa za LED zilizo nyuma au pembeni yake. Kila taa nyeupe huhitaji takriban volti 3, na taa 10 zikifuatana katika mstari mmoja huhitaji volti 30 hivi na hupitiwa na mkondo ule ule wa umeme. Tatizo huanza mistari miwili inapofungwa sambamba bila kila mmoja kuwa na kidhibiti chake, kwa sababu tofauti ndogo ya volti baina yake huzaa tofauti kubwa ya mkondo, na mstari mmoja huwaka kuliko mwenzake. Saketi nzuri hupima mkondo wa kila mstari peke yake na kuushikilia pale pale, hata joto likipanda.

Kwa sababu hiyo, nafasi ya kwanza naipa televisheni ya LCD ambayo taa zake zimeenea nyuma ya kioo kizima na kugawanywa katika kanda zinazodhibitiwa kila moja kivyake. Mwanga wake hutulia, nao unatosha kwa sebule yenye madirisha makubwa yanayoelekea ziwani. Kasoro yake ni ukungu wa mwanga kuzunguka maandishi meupe kwenye giza, hasa kanda zikiwa chache.

Nafasi ya pili ni OLED, ambayo kila pikseli, yaani nukta ndogo ya picha, hujiwakia yenyewe. Weusi wake hauna mpinzani, lakini umeme wake husafiri kwenye njia nyembamba sana zenye ukinzani, yaani zinazouzuia kiasi, na volti hupungua kadiri njia inavyokuwa ndefu. Anayeishi juu ya mawe ya Mabatini au Igogo ataelewa haraka: bomba ni lile lile, ila maji yanayofika mlimani hayana nguvu ya yale ya bondeni, na kila nyumba ya chini inayofungulia huzidi kuyapunguza. Ndiyo maana watengenezaji huingiza umeme kutoka pande kadhaa za kioo na kuweka ndani ya pikseli saketi za kufidia upungufu huo. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu nembo ya kituo au ubao wa magoli ukikaa mahali pamoja kutwa nzima, siku baada ya siku, unaweza kuacha alama ya kudumu. Kwa kibanda umiza siishauri kabisa.

Ya tatu ni LCD yenye taa nyuma lakini isiyo na kanda. Ni nene kidogo, na kwa familia nyingi ndiyo inayofaa mfuko. Ya nne ni ile nyembamba yenye taa pembezoni, ambayo mara nyingi hung'aa zaidi kwenye kona na kingo. Wembamba wake usikuhadae.

Ya mwisho ni iliyotumika. Niliwahi kumnunulia mama mkubwa wa Nansio televisheni ya namna hiyo, na theluthi ya chini ya kioo ikawa hafifu kila picha ilipokuwa nyeupe. Fundi alipoifungua tulikuta mistari mitatu ya taa: miwili ya asili, yenye taa za volti 6, na mmoja wa chini uliobandikwa baadaye, wenye taa za volti 3. "Hapa walichanganya, kaka," alisema, akinionyesha gundi mpya. Taa ya volti 6 ina vipande viwili vinavyowaka ndani yake, ya volti 3 ina kimoja, hivyo kwa mkondo ule ule ya pili hutoa karibu nusu ya mwanga. Taa zikibadilishwa, zibadilishwe zote pamoja, za aina moja.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yenye picha ya kijivu kitupu na nyingine ya kijani. Iache televisheni iwake dakika 10 ipate joto, kisha ipunguze mwanga hadi karibu na chini kabisa, kwa kuwa hapo ndipo saketi dhaifu huumbuka: mkondo ukiwa mdogo, tofauti za taa huonekana zaidi. Tazama kona zote nne, halafu katikati, ukiwa umekaa moja kwa moja mbele ya kioo. Muuzaji akikataa jaribio hili, nenda duka jingine.

Ukiambiwa kwamba stabilaiza itaondoa madoa, usikubali. Stabilaiza huikinga televisheni dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, nayo ni ununuzi wa maana, lakini haiwezi kusawazisha taa zilizofungwa vibaya. Kwa wa visiwani wanaotumia sola na televisheni ya volti 12, jaribio ni kuiwasha betri ikiwa imejaa na tena ikiwa imepungua. Mwanga ukififia kadiri betri inavyoshuka, saketi yake haishikilii mkondo.

Mwisho, hakikisha risiti inataja kwa maandishi kwamba dhamana inahusu taa za ndani, si kioo na ubao wa umeme pekee.